Mitungi Ilale Nje

Siku ya kuniaga, Héritier bosi wenu alisimama mbele ya watu na kisahani cha keki mkononi, akasema kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi karakanani sikuwahi kubishana na mtu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaendelea kutafuna keki yangu, kwanza kwa sababu ilikuwa nzuri, na pili kwa sababu nilitaka kuona kama kuna hata mmoja atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Hapo nikatambua kwamba wengi wenu mliokuwa pale ni wageni, hamjui lolote, na yule anayejua kila kitu ameamua kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi nimekaa chini kusahihisha. Mimi Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Mayfair hapa Johannesburg, fundi wa gesi na maji, nimebishana sana. Nimebishana na wateja, na wenye nyumba, na mzee wangu wa kazi niliyempenda kama baba. Ubishi mmoja uliniondoa mahali nilipopapenda kuliko pote katika kazi hii. Habari za mishahara na nani alipandishwa cheo lini, muulizeni mwingine. Mimi nitawaeleza habari za boti.

Niliingia karakana ya Papa Mukendi, pale Malvern kwenye barabara ya Jules, mwanzoni mwa mwaka 2015. Kabla ya hapo nilikuwa nazunguka maghorofa ya Hillbrow nikitengeneza hita na majiko ya watu, nikipanda ngazi na sanduku langu la vifaa kwa sababu lifti zilikuwa zimekufa zamani. Papa Mukendi alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mfupi, mwenye sauti ya kwaya, na kila siku alivaa tai ndani ya ovaroli. Ukimwuliza tai ya nini, anakujibu kwamba gesi ni kitu cha kuheshimiwa. Alisoma cheti changu, akanirudishia, akaniwekea jiko juu ya meza.

“Hii jiko iko inavuja, Maman. Unionyeshe ni wapi.”

Nikainama kunusa. Akanigusa bega.

“Apana. Pua inakuambia kama gesi iko. Haikuambie inatokea wapi.”

Akanipa brashi ya kunyolea ndevu na kikombe cha povu la sabuni. Nikapaka kiungo kimoja kimoja, polepole, nikitazama, mpaka nilipofika kwenye kiungo cha nyuma na povu likaanza kuvimba. “Voilà,” akasema, akaenda zake kuimba. Ndivyo nilivyoajiriwa. Mkiona fundi anatafuta uvujaji kwa kiberiti, tokeni kwenye chumba hicho kwanza, mtamtukana mkiwa nje.

Chombo kingine alichonifundisha ni mpira mwembamba wa plastiki, ule unaopitisha mwanga, aliokuwa ameukunja na kuufunga kwenye ubao, ndani yake maji aliyoyatia rangi ya soda ya machungwa. Unauchomeka kwenye njia ya gesi, unajaza gesi, unafunga koki zote, unaweka alama kwa kalamu pale maji yalipo, halafu unakwenda kunywa chai. Ukirudi ukakuta maji yamehama, kuna mahali panavuja, hata kama mwenye nyumba anaapa kwa jina la mama yake. Siku hizi mna vipimo vya betri vinavyolia kama vifaranga. Sivikatai. Lakini betri ikiisha, mpira ule haujali.

Mwaka ule umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, na kila mwenye jiko la umeme alitaka la gesi. Tulikuwa na kazi mpaka tunazikimbia. Katikati ya heka heka hizo akaja mzungu mmoja anaitwa Deon, mwenye boti za kukodisha kwenye Mto Vaal, kusini mwa Johannesburg, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa bakkie yetu, ile pikapu mbovu mnayoijua. Si boti za kuvulia samaki. Ni nyumba nyembamba zilizokalishwa ndani ya ganda la chuma, zina jiko, friji, bafu, choo na vitanda, vyote vimebanana, na watu wanazikodi kwenda kulala mtoni na kuchoma nyama. Alitaka mafundi wa kumfungia vifaa na kuvihudumia. Papa Mukendi akatutazama, akauliza nani haogopi maji. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri, maana mtu wa Tanga ataogopaje maji? Kama najua kuogelea, hakuniuliza.

Siku ya kwanza botini nilipewa kufunga friji ya gesi. Friji hizi hazina mota, zina mwali mdogo nyuma, na ili zigandishe ni lazima zikae wima sawasawa. Nikatoa pimamaji yangu, nikaiweka juu ya friji, nikarekebisha miguu mpaka lile povu dogo likatulia katikati ya kioo. Nikageuka kuchukua spana. Kutazama tena, povu limekimbilia kushoto. Nikarekebisha upya. Likakimbilia kulia. Jasho likaanza kunitoka na ilikuwa ni baridi. Kumbe Papa Mukendi alikuwa anatembea nyuma yangu, upande huu mpaka upande ule, mikono mfukoni, anaimba pambio kwa sauti ndogo, na boti inamfuata. Héritier, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana mwembamba, alikuwa amekaa juu ya sanduku anavunjika mbavu.

“Weka ile kitu kwenye mufuko, Maman,” Papa Mukendi akasema. “Hapa chini iko inatembea. Upime na sakafu.”

Kwa hiyo botini hatupimi na dunia, tunapima na sakafu, tena boti ikiwa tupu. Hata hivyo friji ya boti moja ilitusumbua karibu msimu mzima. Wageni walilalamika kwamba inagandisha vizuri tangu Jumatatu, ikifika Jumamosi inakufa. Tulisafisha kichomeo, tukazibua dohani, tukabadilisha regulata, wapi. Mwishowe nikaomba kwenda Jumamosi yenyewe, nikakaa kwenye kona na thermosi yangu kama mgeni asiyealikwa. Saa za mchana wanaume wakawasha jiko la nyama lililofungwa kwenye uzio wa kushoto wa boti, na wote, wenye matumbo yao na kreti za bia, wakaenda kusimama upande huo huo kutoa ushauri juu ya nyama. Boti ikalala. Friji ikalala nayo, na friji ya namna ile ikilala haifanyi kazi. Mmoja wao akaniuliza ni kifaa gani kilichoharibika. Nikamwambia ni ninyi. Tukahamisha jiko la nyama nyuma, katikati, na friji haikusumbua tena.

Niliipenda kazi ile, niseme wazi. Nilikuwa nimeshazoea ngazi za Hillbrow, mikojo kwenye pembe na watu wanaokuuliza fundi yuko wapi wakati fundi ni wewe. Mtoni nilikuwa nalala chali chini ya sinki la mtu, mlango wazi, nasikia bata, na hakuna anayenisemesha. Njiani kurudi Malvern nilikuwa nanuka matope na sabuni, na moyo umetulia. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba nitazeekea pale.

Mlinzi wa boti hizo alikuwa Mrundi anaitwa Évariste. Yeye, mkewe Joselyne na binti yao mdogo Keza waliishi ndani ya boti kuukuu kuliko zote, ile iliyofungwa ukingoni mwaka mzima. Nilijuana nao kwa sababu ya pampu. Joselyne alinipigia akaniambia pampu ya maji inakohoa peke yake na hakuna aliyefungua bomba, na kwamba ameiombea wiki nzima lakini bado inakohoa. Nikaenda. Pampu hizi hujiwasha maji yakipungua nguvu kwenye mabomba, kwa hiyo ikikohoa bila sababu ujue kuna tone linaanguka mahali. Niliikuta koki ya bafuni mpira wake umeliwa. Nikabadilisha, pampu ikanyamaza. Joselyne akasema maombi yamejibiwa. Nikamwambia sawa, lakini safari nyingine aniite mapema, na tangu siku hiyo sikuweza kukanyaga pale bila kulishwa maharage.

Sasa nije kwenye ubishi wenyewe.

Majira ya baridi ya mwaka 2017, wezi waliingia kwenye boti za Deon. Mitungi ya gesi tulikuwa tumeifunga nje, nyuma kabisa, kwenye vikabati vyepesi vya bati. Waliikata minyororo kama uzi wa nguo na kubeba karibu yote. Deon akanunua mingine. Wakarudi wakabeba tena. Simlaumu kwa kukasirika, mtu yeyote angekasirika. Akampigia Papa Mukendi akamwambia mitungi yote ihamishiwe ndani, kwenye kabati la chini ya sinki, ifungwe na kufuli.

Tuelewane hapa, maana hapa ndipo mtu wa Johannesburg anapokosea bila kujua kwamba anakosea. Katika mji huu kitu kikilala nje hakiamki. Tunaingiza ndani kila kitu, baiskeli, kapeti, ndoo ya kudekia. Sijui nyumba hata moja ya Malvern au Mayfair ambayo mtungi unalala uani. Wangu mwenyewe uko jikoni, kando ya jiko, nimeufunga na mnyororo kwenye nondo za dirisha. Kwa hiyo amri ya Deon haikumshangaza mtu karakanani. Ilionekana ni akili ya kawaida.

Lakini gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja nyumbani kwangu inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango, inakwenda zake. Boti haina chini ya mlango. Boti ni karai. Gesi ikivuja humo inashuka chini ya mbao za sakafu, tumboni mwa ganda la chuma, inajikusanya hapo kimya. Wewe pua yako iko juu, huisikii. Na humo humo tumboni ndimo inamokaa pampu ndogo ya kutoa maji yanayopenya, inayojiwasha yenyewe ikitaka, pamoja na cheche yake. Ndiyo maana mtungi wa boti unakaa nje, na kabati lake lina tundu chini la kumwaga gesi mtoni. Mambo haya yote alinifundisha Papa Mukendi, tena kwa mdomo wake, tena zaidi ya mara moja.

Asubuhi aliponiambia nipakie mabomba kwenye bakkie twende tukahamishe mitungi, nilidhani ananitania.

“Ndani?” nikamwuliza.

“Ndani, Maman. Chini ya évier. Patron amesema.”

“Na ile boti ya Évariste?”

“Yote.”

“Papa, mle wanalala watu. Mtoto analala mle.”

Akaanza kunyoosha tai yake. “Tutafunga muzuri. Tutapima. Haitavuja.”

“Leo haitavuja. Boti inatikisika kila siku, viungo vinalegea, wewe unajua. Na Joselyne ameziba matundu ya hewa kwa magunia kwa sababu ya baridi, nimeyaona kwa macho yangu.”

“Nimekwisha kumupa Patron neno langu.”

“Mimi sijampa langu.”

Yule wa kuchomelea alizima mashine yake. Papa Mukendi hakunifokea, hakuwa mtu wa kufoka. Alisema tu kwamba Héritier atakwenda, na mimi nibaki nitengeneze majiko. Héritier akapakia, akakwepa macho yangu, wakaondoka. Nilitengeneza jiko moja siku ile na nadhani nililitengeneza vibaya.

Jumapili nikaenda mwenyewe. Sikumwomba mtu ruhusa, na bado naona sikuwa na wa kumwomba. Évariste alinikuta barabarani, akanibebea sanduku, lakini alikuwa na wasiwasi, anatazama nyuma.

“Mama, Patron akijua umekuja?”

“Atajua. Nitamwambia mimi.”

“Kazi yangu ni hii tu, Mama. Sina ingine.”

“Najua. Nionyeshe kwanza.”

Nikaingia. Mtungi ulikuwa chini ya sinki, umefungwa kufuli, kazi imefanywa safi, Héritier ana mkono mzuri, sitamnyima haki yake. Nikainua ubao wa sakafu nikaingiza kichwa. Hakukuwa na harufu yoyote. Nawaambia haya ili msije mkadhani nilikuta gesi imejaa nikawaokoa watu kama kwenye sinema. Palikuwa salama siku ile. Évariste akashusha pumzi, akasema basi, Mama, tuache ilivyo.

Joselyne alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. Keza alikuwa na homa kidogo, amelala kitandani mchana, amejifunika blanketi mpaka puani. Joselyne akauliza, “Hiyo gesi ikitoka, inakaa wapi?”

Sikumung'unya maneno. Nikamwonyesha kwa kidole. Mbao za sakafu zilikuwa zinaendelea, kutoka jikoni, zinapita chini ya mlango, mpaka chini ya kitanda cha mtoto.

Alitazama mbao zile, akamtazama mumewe. “Toa,” akasema. Évariste akafungua mdomo. “Évariste, itoke. Kazi utatafuta ingine.” Halafu akaenda mwenyewe kuchomoa magunia kwenye matundu ya hewa, moja moja, akiyatupa nje ukingoni kwa hasira.

Évariste ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kufuli. Tuliutoa mtungi, tukaurudisha nyuma ya boti, nikaufunga kwa mnyororo mnene niliokuja nao. Nikaunganisha njia ya zamani ya nje, nikapima kwa ule mpira wa maji ya rangi, tukanywa chai, maji hayakuhama. Kisha nikafanya jambo lililoniletea balaa. Lile bomba la shaba lililotoka kabatini nililifungua lote, nikaziba pale lilipokuwa limeungana na njia ya gesi kwa kizibo cha shaba, bomba lenyewe nikalikunja nikalitia mkobani. Nilitaka atakayekuja kuurudisha mtungi ndani akute hakuna cha kuuunganishia. Na jioni nikampigia Deon mwenyewe nikamweleza nilichofanya na kwa nini. Kilichofuata upande wa pili wa simu sitakiandika. Alichosema kwa ufupi ni kwamba nimeingia kwenye mali yake na kuiharibu.

Kesho yake Papa Mukendi alikuwa ananisubiri langoni.

“Bomba ya mutu iko wapi?”

“Mayfair.”

“Irudishe.”

“Sirudishi.”

“Basi rudia nyumbani, Maman. Utakuja siku utakuwa na pardon mukononi.”

Nikageuka palepale nikarudi. Nilitembea sehemu kubwa ya barabara ya Jules nikiongea peke yangu, na watu waliokuwa wanafungua maduka yao walinipisha njia.

Nilikaa nyumbani nikiwaka. Nikafua mapazia. Nikafungua jiko langu likiwa zima nikalifunga tena. Mtu anaweza kusema niliogopa kukosa kazi, na kweli niliogopa, umri wangu haukuwa wa kuanza upya kupanda ngazi na sanduku. Lakini zaidi nilikuwa na hasira ya mtu aliyesalitiwa, na hasira ile ilikuwa na jina, jina lake Mukendi.

Alikuja mwenyewe, alasiri, na tai yake. Nikamkaribisha, nikampikia chai ya tangawizi kwa sababu mgeni ni mgeni. Akatazama jikoni kwangu, akaona mtungi kando ya jiko.

“Hata wewe umeweka ndani.”

“Mimi nina mlango, Papa. Wale wana karai. Usijitie hamnazo, wewe ndiye uliyenifundisha.”

“Najua,” akasema. “Niko najua, Maman. Ile siku ya kwanza Patron alisema ndani, nilijua.”

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kama angekuwa hajui ningemsamehe palepale. Nikamwambia yote, kwamba ni aibu, kwamba tai yake ni ya bure, kwamba heshima ya gesi anayoimba kila siku ameiuza. Alisikiliza bila kunikatiza. Aliponiambia kwamba karakana nzima inakula kwa boti zile, kwamba zikiondoka atawarudisha vijana mitaani, nilijua hasemi uongo. Héritier alikuwa na mke na mtoto mchanga. Nilijua. Nikamwuliza swali moja tu.

“Wewe na mkeo Maman Agnès mngelala mle?”

Akashika kikombe kwa mikono miwili.

“Apana,” akasema.

Akaondoka bila kuniuliza bomba. Siku iliyofuata alikwenda mtoni akazungumza na Deon. Walichoambiana sijui chote, lakini Héritier aliyekuwepo alinisimulia kwamba Papa Mukendi alimwambia mwenye boti kuwa neno alilompa lilikuwa baya na sasa analiondoa. Kama anaogopa wezi, karakana itamchomelea vizimba vya chuma kinene, nje, vyenye tundu chini, vya kukatisha tamaa mwizi yeyote. Kama hataki, atafute fundi mwingine. Deon hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Kilichokuwa kikimuuma ni wizi, na kizimba cha chuma kinene kilimtuliza. Akakubali. Héritier ndiye aliyevichomelea vizimba vyote, na mwizi mmoja aliyejaribu aliacha msumeno wake pale pale.

Lakini Deon alikuwa na sharti. Yule mama aombe radhi kwa kuingia kwenye boti yake na kuchomoa bomba lake, ndipo aruhusiwe kukanyaga tena mtoni.

Papa Mukendi alikuja na Héritier kuniletea habari. Walikuwa na furaha, wakadhani yameisha.

“Pardon moja tu,” Papa Mukendi akasema. “Unasema, unarudi kwa kazi yako.”

“Mama Mwana, eish, neno moja tu,” Héritier naye akasema. “Sema haraka haraka, yeye hata hatasikia vizuri.”

Nikaingia bafuni nikafunga mlango, nikafungua maji ili wasisikie, nikalia. Nilikuwa naona mto ule. Nilikuwa naona nimelala chini ya sinki na mlango wazi. Neno moja, na yote ningeyapata tena. Nilijaribu hata kulitamka mbele ya kioo, nione kama linapita. Halikupita.

Nilipotoka niliwaambia bomba nitalirudisha, hilo ni mali ya mtu, chukueni. Radhi siombi. Nikiomba radhi nitakuwa nimesema lilikuwa kosa. Siku nyingine fundi ataambiwa aweke mtungi ndani, atasita, na mtu atamkumbusha kwamba hata Mwanaidi alifanya ujeuri ule akaishia kusema samahani. Papa Mukendi akalegeza tai yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya, akasema nije kazini Jumatatu, kuna hita nyingi Hillbrow.

Sikukanyaga tena boti. Miaka miwili iliyobaki niliimaliza kwenye ngazi, na magoti yangu yanajua. Kila wiki nilikuwa naiona bakkie ikiondoka asubuhi kwenda mtoni na mimi nimesimama langoni na sanduku langu, na kila wiki iliniuma, wala sikuzoea. Papa Mukendi alirudi Lubumbashi mwaka uliofuata, akamwachia Héritier karakana, na siku anaondoka tulikumbatiana bila kuligusa jambo lile. Watu wameniambia nilikuwa na kichwa kigumu. Wengine, na Héritier akiwa mmoja wao, wananitania kwamba ona, mama, miaka yote hii, hakuna kilicholipuka, ulijitesa bure. Ni kweli hakuna kilicholipuka. Sina cha kumwonyesha mtu. Ninyi vijana mkifanya kazi hii sawasawa, nanyi hamtakuwa na cha kuonyesha, na mtu atawaambia mlijitesa bure, na mtamwacha aseme. Akiwaamuru mwingize mtungi botini, mkatae. Mkitakiwa muombe radhi kwa kukataa, mkatae tena.

Joselyne bado ananipigia. Évariste hakufukuzwa, na bado wanaishi kwenye boti ile ile. Baridi ya mwaka huu alinipigia asubuhi na mapema, mimi bado nimo kitandani kama mstaafu anayejiheshimu, akaanza bila salamu.

“Mama Mwana, huu mtungi uliuweka mbali sana. Kila asubuhi lazima nitoke nje kufungua hiyo gesi. Kile kizimba kina barafu, vidole vinakufa, chai inachelewa, mtoto anachelewa shule, na wote wawili wananinung'unikia mimi.”

Nikamwambia anunue glavu.

Akanigombeza kidogo, kwa heshima, akasema hana nafasi ya kubishana na mimi, maji yamechemka na anakwenda kumwamsha Keza.